Asubuhi Bomba Halikutoa Moshi

Iko siku moja, mjukuu wangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni. Niliamka nikatazama milima ya Uluguru, nikaiona wazi mpaka miti yake, nikaingiwa na hofu.

Usinishangae. Mimi ni mama lishe wa kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Mwembesongo tangu ningali msichana, nikimsaidia marehemu mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama bomba la moshi kabla sijawasha jiko. Moshi ukitoka, kuna kazi, bandika maharage. Usipotoka, tanuri limezimwa, wafanyakazi wako kwao, na chakula chako kitakudodea. Moshi ule ulituzibia mlima kila asubuhi, nasi tukishukuru.

Basi siku hiyo sikupika. Nikabaki kibandani nafagia palipokwisha kufagiwa. Saa nne kengele ikalia, wafanyakazi wote wakatoka, njaa imewashika! Wakakuta masufuria makavu. Wakavuka barabara kwa muuza mihogo mgeni, na mmoja akasema makusudi nimsikie, "Mama Zuhura kazeeka jamani, tumhurumie." Iliniuma, sikufichi. Kibanda kile ndicho kilichomsomesha mama yako, na wateja wakizoea kwingine hawarudi.

Ningeweza kununa, na kununa nakujua. Lakini kama tanuri linawaka, moshi umekwenda wapi? Swali hilo lilinizidi nguvu. Nikajifunga kanga, nikaenda getini.

Akatoka binti mmoja mhandisi, jina lake Rehema, kofia ngumu kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Moshi wangu mmeupeleka wapi?"

Akacheka, akaniingiza ndani. Kumbe moshi sasa unaoshwa kwanza kwa maji, masizi yanabaki humo. Kisha sehemu ya hewa ya ukaa inapelekwa kwenye tangi lenye vijidudu. Humo inachanganywa na haidrojeni, ambayo wanaitoa kwenye maji kwa umeme wa jua. Vijidudu vinakula vyote viwili, vinatoa gesi ya kupikia.

"Kwa hiyo miaka yote nilikuwa natazama masizi?"

"Masizi na mvuke, mama. Hiyo tunayoitaka sisi hujawahi kuiona."

Nikamwandama kwa maswali. Inanuka? Hivyo vijidudu vinalala? Inaivisha maharage?

"Bado tunajaribu," akasema. "Inatosha jiko moja tu, na hatujampata wa kulitumia."

Hakumaliza, nilishakimbilia sufuria. Mwali ulikuwa wa bluu, mtulivu, haukuniliza machozi kama kuni. Nilipika chai ya tangawizi, nikaitoa nje kabla kengele haijawarudisha kazini. Yule aliyenihurumia alikuwa wa kwanza kuleta kikombe, akauliza kwa nini haina harufu ya moshi. Nikamwambia huo ndio moshi wenyewe, kunywa.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Alama ulizoachiwa na wakubwa ziheshimu. Mama hakunidanganya, ni kiwanda kilichobadilika. Lakini siku alama ikikosekana, usikae kibandani ukaomboleza. Nenda getini ukaulize, hata kama wa kukujibu ni mdogo kuliko wewe.

Mungu akupe mdomo usioona haya kuuliza. Na asubuhi utakayouona mlima wako wazi, akukute umeshabandika maharage.