Baba Aliponiuliza Mwezi

Baba alipopoteza macho kwa mtoto wa jicho, hakuacha kulima mpunga kijijini kwetu, nje kidogo ya Kagongwa. Kilichomshinda ni kuangalia mwezi. Miaka yote alimwaga mbegu akishaona wingu jembamba la juu kabisa limeuzungushia mwezi duara. Majirani hakuwaamini. Akawa ananipigia simu mimi, mwalimu wa jiografia huku Ngokolo, kwa sababu nimesoma, na kwa sababu wingu la juu hivyo, alisema, linaonekana kote.

Nilishamwambia mara nyingi kwamba mwezi na mawingu havihusiani. Ananisikiliza mpaka nimalize, kisha anauliza tena.

Jioni moja ya Novemba nilikuwa nasahihisha madaftari. Simu ikaita. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama mwezi una duara. Mlango wangu ni wa bati, unalia ukifunguliwa, na ulikuwa hatua tatu tu kutoka nilipokaa.

“Unalo, baba,” nikajibu. Sikuinuka.

Kesho yake akamwaga mbegu yote. Manyunyu yakaichipusha, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo, miche ikakauka majarubani. Nilikwenda nikaiona. Nilitegemea aibu initafune, lakini nilisimama pale sisikii kitu, mkavu kama ile miche. Ukweli sikuusema. Baba alisema tu kwamba mwezi wa siku hizi umebadilika, mimi sina kosa.

Mwaka uliofuata, nikiandaa somo, nikasoma kwamba mwezi huivuta hewa kama unavyoyavuta maji ya bahari, na kwamba mawingu membamba ya juu sana huongezeka na kupungua kidogo kwa kuufuata. Mvua hauleti, ila huko juu una mkono wake. Kumbe mzee hakuwa mbali sana. Nikasoma mara mbili, nikafunga kitabu, nikaenda kula.

Novemba ilipofika nikawa natoka uani kila jioni. Simu haikuita. Siku duara lilipoonekana kweli, nikampigia mwenyewe.

“Baba, nimetoka nje, nimeuona. Una duara.”



“Asante, ng'wanawane. Usijisumbue, mwanangu. Siku hizi namuuliza jirani. Yeye nikimuuliza, namsikia anafungua mlango.”