Pole ya Ukurasa wa Saba

Mhariri wangu aliniambia anaondoka tukiwa tunafunga toleo. Mimi nilikuwa nakunja karatasi, yeye anabana kwa stepla. Alisema bila kuinua kichwa kwamba shemeji yake wa Kibaoni amenunua mashine ya kukoboa mpunga na anatafuta mtu wa kumwamini.

"Wewe unajua nini kuhusu mpunga?" nilimuuliza.

"Najua ukishaukoboa umekoboka. Haurudi kesho kukuomba usasishwe."

Akabana nakala iliyofuata. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu kuliko niliowahi kukaa katika mji mwingine wowote, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Jarida letu ni la watu wanaopenda kompyuta katika Mkoa wa Katavi. Mtu wa mbali akisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza wako wangapi. Tunalitengeneza katika chumba cha nyuma cha duka langu la steshenari, mtaa wa Majengo, na linatoka kila baada ya miezi miwili, umeme ukikubali. Ni karatasi zilizokunjwa katikati, nyeusi na nyeupe. Nakala nyingine zinabaki mjini kwa mafundi simu wa Makanyagio na walimu wenye kompyuta mpakato, nyingine zinapanda basi kwenda vijijini.

Ukurasa wa sita ni wangu. Humo naandika kumbukumbu za mashine za zamani: skrini za kichogo zilizokuwa zikipasha chumba joto, printa zilizokuwa zikilia kama mtu anapasua kanga, diski za mraba ambazo leo haziwezi kubeba hata picha moja ya harusi. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuzunguka, na kila mji niliofika nilijikuta karibu na kompyuta ya mtu mwingine. Tabora nililinda kafe ya intaneti. Kigoma nilichapa barua za watu. Mwanza nilibeba maboksi. Kila mahali niliondoka kazi ilipoacha kuwa tamu, na nilipofika mbele nikaanza kupakumbuka nyuma. Ukurasa wa sita ndio mahali pekee tabia hiyo imewahi kuwa na faida, ingawa sijawahi kukutana na mtu aliyeusoma.

Wasomaji husoma ukurasa wa saba. Huo ni wa maswali. Mtu anatuma ujumbe kwa simu, au anaandika kikaratasi na kukitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga pale kaunta, na mhariri anajibu. Jarida bila ukurasa wa saba ni matangazo ya duka langu yaliyobanwa kwa stepla. Kwa hiyo mhariri alipoondoka nilijiwekea sharti: siku ya kuchapa ikifika na ukurasa wa saba hauna swali hata moja, nafunga jarida, namwachia ndugu yangu duka, napanda treni. Begi nililiteremsha kutoka juu ya kabati nikalifuta vumbi. Sikumwambia mtu.

Mhariri mpya nilimpata haraka. Alikuwa dada wa hapahapa mjini, amesomea kompyuta chuoni, alikuwa amerudi nyumbani kumuuguza mama yake, na mama aliposimama naye akabaki. Mhariri wa zamani alimkabidhi stepla, funguo, na maelezo ya jinsi ya kuipiga kofi mashine ya fotokopi. Hakuna kingine tulichoona ni cha kukabidhi.

Toleo lake la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote tuliyowahi kutoa. Herufi zilikuwa zimenyooka. Picha ya feni ya kompyuta ilionekana ni feni. Kwenye ukurasa wa saba alikuwa amepunguza maneno hadi nusu ya ukurasa ikawa wazi, na hapo akaweka maelekezo ya kusafisha vumbi.

"Umepunguza nini?" nilimuuliza.

"Salamu, kaka. Kila jibu lilikuwa linaanza na msiba."

Nilitazama toleo la nyuma. Ilikuwa kweli. Mhariri wa zamani alianza kila jibu hivi: *Pole kwa kuuguliwa. Tunakuombea mgonjwa wako ainuke.* Halafu ndipo alipofika kwenye waya, au feni, au virusi. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo kwa miaka bila kuiona. Nikamwambia ni sawa, nafasi imepatikana.

Kwa toleo la pili kopo lilikuwa na vikaratasi vichache, kimoja kikiwa cha mtu aliyeuliza bei ya kudurufu cheti. Kwa toleo la tatu hapakuwa na kitu. Simu nayo kimya.

"Labda kompyuta zimepona zote," mhariri mpya alisema.

"Mkoa mzima?"

"Si ndiyo kazi yetu?"

Alisema hivyo huku akilitikisa lile kopo. Zilikuwa zimebaki siku chache kuchapa. Mimi nilikwenda stesheni kuuliza treni inaondoka lini, nikarudi kufungua duka.

Siku ya gulio akaja mzee mmoja mfugaji, Msukuma, aliyehamia upande huu na ng'ombe wake zamani, watu wakiwa bado wanabishana kama kompyuta ni dhambi. Aliuza dume mmoja akanunua kompyuta ya mezani, akaiwekea sola, na ndiye msomaji wetu wa siku nyingi kuliko wote. Anaitumia kucheza karata. Swali lake la mwisho lilikuwa kwenye toleo la kwanza la mhariri mpya. Kompyuta yake ilikuwa inazimika kila jua likizama, na alijibiwa kwa mistari miwili: betri ya sola imechoka, abadilishe, na nyaya zikazwe.

Alisimama mlangoni na fimbo yake na mfuko wa plastiki.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia mhariri kwa Kisukuma, mayu, kama wanavyomwita mama kwao, ingawa mama mwenyewe angeweza kuwa mjukuu wake.

"Marahaba, mzee," dada akajibu, maana hakujua jibu lake. Mzee akaliacha lipite.

"Nimekuja kwa ile kompyuta."

"Bado inazimika?"

"Imepona. Nilibadilisha betri, inawaka mpaka nalala mimi."

"Basi vizuri."

"Si vizuri. Nimetukanwa."

Dada alinitazama. Mimi nilitazama fotokopi.

"Nani amekutukana, mzee wangu?"

"Nyie. Nimeandika nyumbani kwangu kuna mgonjwa. Mmenijibu, betri, nyaya, kwisha. Jirani akiuguza, wewe unapita dirishani unamrushia vidonge unaendelea na safari?"

"Lakini vidonge vimeponya."

"Vimeponya."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo nimekuja kuuliza nimekukosea nini."

Dada akavuta kiti akakaa. "Mzee, pole ni ya mtu. Mashine haisikii pole."

"Na nani amesema unipe pole ya mashine? Aliyekaa gizani ni mashine?"

Nilidhani dada atacheka, maana ni mtu wa kucheka. Hakucheka. Alisema, taratibu, kwamba mama yake alilala hospitali wiki nyingi, na pole zilijaa wodini mpaka pa kuweka kikombe hapakuwepo. Watu walikuja, wakasema pole, wakala ndizi za mgonjwa, wakaondoka. "Aliyemponya mama yangu hakusema pole. Alisema, geuka. Akamchoma sindano. Mimi najibu kama yule."

Mzee aliifikiria hiyo. "Na hao wa ndizi," akasema, "ulitaka wasije?"

Dada akachukua simu, akampigia mhariri wa zamani na kuweka sauti kubwa ili sote tusikie. Kule Kibaoni mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma na yeye akawa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Kaka, nakuuliza kitu, nijibu kweli! Zile pole zako ukurasa wa saba, ulikuwa unamaanisha?"

"Zipi?"

"Pole kwa kuuguliwa!"

"Aaa! Ile niliitega!"

"Uliitega vipi?"

"Kwenye hiyo mashine unayoandikia! Andika *pkk* halafu bonyeza nafasi, inakuja yenyewe! Mimi niandike maneno yote hayo kila mara, nina vidole vingapi? Bei ya umeme huko vipi?"

Dada akakata simu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Akageukia kompyuta, akaandika *pkk*, akabonyeza. Sentensi ikajitokeza nzima, na nukta zake: *Pole kwa kuuguliwa. Tunakuombea mgonjwa wako ainuke.*

"Unaona, mzee? Miaka yote. Herufi tatu."

Mzee akaweka fimbo ukutani, akasogea, akasoma kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole bila kugusa kioo. Alipofika mwisho akashusha kidole.

"Ahsante," akakiambia kioo. "Nimeshapoa."

Kisha akachukua fimbo na mfuko wake. Mlangoni akageuka akamwuliza dada mama anaendeleaje. Dada akasema anaendelea vizuri, anatembea mpaka sokoni. Mzee akasema, "Pole sana, mayu, uliuguza," akaenda kuwahi gari.

Dada alikaa akitazama ile sentensi. Mimi nilipiga fotokopi ya kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Baadaye nikamsikia anabonyeza bonyeza.

"Unafanya nini?"

"Naitegua hiyo *pkk*. Kama ni kusema, nitasema mwenyewe."

Toleo la tatu lilikuwa bado halina swali. Siku moja kabla ya kuchapa ukaingia ujumbe kwenye simu ya jarida, kutoka kwa msomaji wa Kibaoni. Kompyuta ya ofisi ya mashine ya kukoboa mpunga imejaa pumba, inapumua kwa shida, na hesabu za shemeji ziko humo. Mwandishi hakutaja jina. Hakuwa na haja. Alikuwa amemalizia kwa kuuliza bei ya umeme.

Dada aliujibu mwenyewe, na alichukua asubuhi nzima. Alifuta, akaandika, akafuta. Jibu lilianza hivi: *Pole. Najua una haraka, na shemeji amesimama nyuma yako. Usiitikise.* Halafu yakafuata maelekezo ya kuifungua, kuipuliza, na kuifunika kitambaa siku za kukoboa. Swali moja lilijaza ukurasa wa saba wote, na tukachapa. Jioni ya siku nakala zilipofika Kibaoni yule bwana alipiga simu, akasema jibu ni refu mno, na kwamba amempa shemeji alisome.

Pole zake hazikuwa nzuri sana mwanzoni. Mwalimu mmoja aliandikiwa: *Pole, ingawa uliambiwa usichomeke flashi ya kila mtu.* Fundi wa Makanyagio aliandikiwa: *Pole ya moto; wewe mwenyewe umepona vidole?* Fundi huyo alikuja dukani kuonyesha vidole. Kopo likaanza kuwa zito. Watu waliandika matatizo ya kompyuta, halafu chini wakaongeza habari za nyumbani ambazo hazikuhusu kompyuta, na dada alijibu zote mbili. Mzee mfugaji alituma salamu bila swali lolote, na zikachapwa.

Begi langu nilianza kulitumia kubebea nakala kituo cha basi. Lina zipu nzuri.

Juzi tulikuwa tunafunga toleo jingine. Mimi nilikuwa nakunja, yeye anabana. Nilikuwa nimeandika kumbukumbu ndefu kuhusu mlio wa intaneti ya simu ya mezani, ile iliyokuwa ikipiga kelele kama kuku juu ya bati kabla ya kukubali, na nilidhani ni bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilipofika kwenye ukurasa wa sita nikakuta maswali.

"Haya ni ya ukurasa wa saba," nikamwambia.

"Wa saba umejaa, kaka. Pole zinakula nafasi. Nimemwagia na wa sita."

"Na makala yangu?"

"Haiingii." Akabana nakala, akaiweka juu ya nyingine, akaniangalia. "Pole."

Nikakunja karatasi iliyofuata.

"Nimeshapoa," nikasema, ingawa ilikuwa bado.