Zimwi Lililovuka Nyumba Kumi

Juzi tulikuwa foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, huku Temeke. Barazani watoto wawili walikuwa wamechora njia ya visanduku kwa mkaa, kila kisanduku wakikiita nyumba. Kizibo cha soda cha kaka kilikuwa zimwi. Cha mdogo wake wa kike kilikuwa mama anayekimbia na mtoto mgongoni.

"Zimwi linaruka nyumba nne, wewe mbili, maana umebeba mtoto," kaka alisema. "Nikikukamata huchezi tena leo."

Binti alikibana kizibo chake vidoleni. Nami nikampandisha vizuri mwanangu mgongoni.

Mbele yangu alisimama balozi wetu wa nyumba kumi, anayeandikisha kila mgeni. Akageuka.

"Hilo zimwi limepita nyumba ngapi?"

"Kumi na mbili, babu."

"Basi limetoka eneo la balozi wake. Huko ni geni. Lisimame, likaripoti kwanza."

"Kwa balozi gani?"

"Wa huko. Naye yuko foleni ya sukari."

Binti akamtembeza mama nyumba mbili, tena mbili, hadi kwake.

Kila shangazi yangu akija kutoka Lindi, huwa nanung'unika kumpeleka kuripoti kwa balozi. Sasa nimeacha. Utaratibu huu unasimamisha hata mazimwi, ilimradi sukari ichelewe.