Niliomba Kisu, Wakanicheka

Wamama, mwenyekiti wetu ameniomba nisimulie kwa upole, nisimchukize mtu. Upole huo sina. Nitasimulia kama yalivyonikuta, na atakayechukia atoke nje, kuna upepo mzuri wa ziwa.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nilikulia kwenye migomba na kahawa, nikavuka na meli kuja Mwanza kuolewa na Masalu, dereva wa lori la pamba. Tulikaa Kiseke, nje ya mji, na mama yake. Nilikuwa mzima kabisa. Kwenye shamba la ujamaa nililima zamu yangu na ya jirani aliyeumwa. Mama mkwe hakuona. Aliniita "yule wa ng'ambo" hata nikiwa nimesimama mbele yake.

Mimba ya kwanza ilipotimia, Masalu alikuwa safarini. Chupa ilivunjika asubuhi. Kukachwa, kukacha tena, mtoto hajashuka. Hapo wanawake waliokuwa wakinikanda mgongo wakaacha kunikanda. Mnajua walichofanya, maana wengine wenu mmeshakifanya. Mtoto akigoma kutoka, ati mama yake ametembea nje ya ndoa, na hatazaliwa mpaka mwanaume huyo atajwe.

"Mtaje," alisema mama mkwe.

"Sina wa kumtaja, mama."

"Ni yule mwalimu wa kisomo? Ni karani wa pamba? Sema, unamuua mtoto!"

Kila uchungu ulipokuja waliniletea jina la mwanaume mwingine. Balozi wa nyumba kumi alipita, akasikia kelele, akawafokea. Ndipo nikabebwa na kitanda changu mpaka barabarani. Hospitali mjini walimtoa mtoto kwa vyuma. Alikuwa mvulana, amekufa. Alizikwa Kiseke bila jina. Watu walikesha wakitafuta jina la mwanaume, na hakuna aliyekumbuka kumpa mtoto lake.

Mimi nilitoka nimetoboka. Mkojo ulivuja wenyewe, nikilala, nikitembea, nikimwitikia mtu salamu. Mapaja yalichubuka yakawa mekundu. Walinilaza na mpira wa mkojo kwa wiki nyingi mpaka tundu likaziba. Daktari aliyenitibu aliniambia, "Nyonga yako ni nyembamba. Safari nyingine usisubiri uchungu. Njoo upasuliwe." Baadaye akahamishiwa mkoa mwingine.

Nilipopata mimba ya pili nilikwenda kliniki mapema. Nikasema nataka kupasuliwa kabla ya uchungu. Nesi alicheka mpaka wajawazito kwenye benchi wakageuka.

"Wenzako wote wanasukuma, wewe unataka kutolewa mtoto umelala usingizi? Huo ni ubepari!"

Benchi zima likacheka. Nilitamani kumrushia nesi kiatu, ila ndicho pekee nilichokuwa nacho.

Daktari mpya hakucheka. Yeye alinikatalia kwa sauti nzuri, jambo ambalo ni baya zaidi. "Mama, upasuaji hauombwi. Njia ikishapitiwa mara moja, wa pili hupita. Nikikukata, mimba ya tatu kovu linaweza kupasuka huko kijijini, ukafia njiani. Na damu sina."

Nikarudi siku ya kliniki iliyofuata. Akakataa. Nikarudi tena, akaniambia anawaona wagonjwa. Nikamwambia na mimi ni mgonjwa, nikakaa kwenye kiti chake cha wageni.

"Daktari, umewahi kuamka kwenye mkojo wako, ukiwa mtu mzima, mwenye akili zako?"

Alivaa glavu. Akanipima nyonga upya, safari hii kwa makini. Alipovua glavu alisema, "Nitakupasua. Lete mtu wa kukutolea damu, na mumeo aje akubali kwa mdomo wake."

Jioni hiyo nililieleza jambo hilo nyumbani. Mama mkwe alisukuma sahani. "Damu ya ukoo wangu haiingii kwa mwanamke aliyeficha mtu. Atoe huyo bwana wake."

Masalu, akisema mama yake, huwa anatazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga khanga zangu nirudi kwetu. Masalu akanawa mikono, akasimama.

"Mama, kama lazima atajwe mtu, nitajeni mimi. Mimba ni yangu. Damu nitatoa mimi."

Alitoa, na ikapatana na yangu. Siku ya kisu waliniwekea kitambaa puani, harufu kali ikajaa kooni, nikapotea. Niliamka na kiu ya ajabu. Nilipokohoa nilidhani nyuzi zinakatika. Na pembeni kulikuwa na mtoto wa kike analia kwa hasira. Nililia na mimi, kwa furaha tupu. Shuka langu lilikuwa kavu.

Mama mkwe alikuja kutazama. Aliangalia bandeji, akasema, "Kwa hiyo hakuzaa. Amepasuliwa."

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Mjukuu wako huyo. Ukimtaka mpakate, usipomtaka mlango uko wazi."

Alimpakata. Mnaniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Nampikia, namchotea maji ya kuoga, na siku zangu za kujifungua zikifika ninazalia hospitali mjini, kwake sizalii.

Daktari namshukuru kwa mikono yake, ingawa bado nina hasira na ile sauti yake nzuri. Masalu namshukuru mbele yenu nyote, aone haya akipenda. Mungu namshukuru zaidi.

Nanyi mlio na mimba hapa, kama mwili ulishawaonya mara moja, semeni kliniki mapema, na msiondoke kwenye kiti. Mimi wadi nzima iliniita mkorofi. Nilirudi nyumbani na mtoto.