Mkoba wa mgeni wangu uko chini ya kitanda changu

Admin, nifichie jina na usitaje shule ninayofundisha, maana Arusha ni ndogo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkenya wa Nakuru, nafundisha hisabati hapa kwa kibali cha kazi, mwaka wa tano huu. Sina mume wala mtoto. Mtaa ninaoishi siutaji, ila wa hapa mtaujua: ukimwambia bodaboda jioni unakwenda huko anakuuliza mara mbili, kisha anakushusha barabara kuu.

Walimu wenzangu wanakaa Njiro na Lemara. Walinishangaa nilipopanga huku, nikawajibu wezi wako kila mahali, wa kwenu wanavaa tai. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki. Ukweli ni kwamba nilipapenda. Ni vyumba vya uani, bomba moja, na asubuhi mawingu yakiondoka unapiga mswaki huku unautazama Meru. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Neema. Mumewe, Baba Neema, anaendesha guta, anabeba mizigo ya watu sokoni Kilombero. Nilipougua taifodi, huyo mama ndiye aliyenipikia uji na kunifulia mpaka nikasimama. Na kunisema alinisema: "Mwalimu, huku hatusemi 'nipe'. Sema 'naomba', hautakufa."

Kona ya mtaa kuna kijiwe cha vijana ambao kazi yao kila mtu anaijua. Mkubwa wao nimwite Chogo. Mama Neema alinifundisha wiki ya kwanza kabisa: ukiwa na mgeni, mpitishe kijiweni, muwasalimie, wamwone sura. Mgeni wa mtu wa mtaa haguswi. Nimepitisha wageni wengi hivyo na hakuna aliyepoteza hata leso.

Sasa Jumamosi iliyopita mwalimu wetu wa taaluma, nimwite Madam Rose, akaja kunisalimia. Huyu ndiye anayenipendekeza kibali kikikaribia kuisha. Jamani, niliona aibu. Nikawaza, mama wa watu na viatu vyake vya kisigino, nimsimamishe mbele ya Chogo na moshi wao, waniite "mwalimu wetu"? Nikampitisha njia ya nyuma, ya mferejini. Tukala chapati, tukacheka sana. Jioni akasema nisijisumbue kumsindikiza, teksi inamsubiri barabarani.

Hakufika mbali. Nilisikia kelele, nikatoka mbio, nikamkuta Madam chini kwenye vumbi, mkoba hana, na Baba Neema anajaribu kumwinua huku anahema. Waliokuwepo waliniambia vijana wawili walimkwapulia, Baba Neema akaliacha guta na mizigo yake akawakimbiza, wakampotea, ndipo akarudi kumsaidia. Madam alimsukuma, akasema asimguse.

Jumapili asubuhi Chogo akagonga mlango wangu. "Mwalimu, tusamehe. Madogo hawakujua ni mtu wako. Ungempitisha pale haya yasingetokea." Akaweka mfuko wa nailoni kizingitini, akaondoka. Ndani mlikuwa na mkoba wa Madam. Simu haimo, ila miwani, funguo na kitambulisho vyote vimo. Nikausukuma chini ya kitanda, nikasema nitatafuta namna ya kuurudisha.

Mchana ule ule Madam akaja na polisi. Akamnyooshea kidole Baba Neema: "Huyu. Nilimwona akikimbia pamoja nao." Nikasema, "Madam, huyu alikuwa anawakimbiza." Akanigeukia: "Uliona kwa macho yako?" Sikuona. Walioona walikuwa wamesimama pale pale wanatazama chini, kwa sababu wanamwogopa Chogo. Nami nikanyamaza, mkoba uko hatua chache nyuma yangu. Wakamchukua na ovaroli yake ya kazi.

Nilimfuata Chogo nikamwambia amtoe mtu wa watu. Hakupandisha hata sauti. "Mwalimu, tulikuheshimu tukakurudishia. Heshima yetu usiigeuze kesi." Tangu hapo nikipita kijiweni wananisalimia vizuri kuliko zamani, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Nikienda kituoni na mkoba wataniuliza nimeutoa wapi. Nikimtaja Chogo, nitalala wapi? Nikisema nimeuokota, mimi mgeni mwenye kibali nimekutwa na mali ya wizi, nani ataniamini? Na msiniambie niurushe getini kwa Madam, hilo nimeliwaza mpaka kichwa kinauma. Mkoba utafika kwake, Baba Neema atabaki ndani.

Kinachonimaliza ni kwamba Mama Neema hanilaumu. Anapeleka chakula kituoni, akirudi ananiuliza kama nimekula. Jana aliniambia, "Yule mama ni msomi mwenzako. Mwambie tu, wewe atakusikia." Nikajibu nitamwambia. Leo tumekaa na Madam ofisi moja kutwa nzima, sijafungua mdomo, mimi ambaye mdomo wangu hauna breki.

Neema yuko darasa la tatu. Kila jioni anakuja na daftari nimsaidie hesabu, na kwa kuwa nina kiti kimoja, anakaa kitandani. Jana alikuwa anafanya za kugawanya, miguu inaning'inia, visigino vyake vinagonga ule mkoba. Akaniuliza, "Mwalimu, huku chini kuna nini?" Nikamwambia ni viatu. Akasema, "Baba akirudi atakutengenezea kabati la viatu," akaendelea kugawanya.

Keshokutwa baba yake anapelekwa mahakamani. Nitukaneni mkimaliza kunishauri, lakini nishaurini kwanza. Nianzie kwa Madam, kituoni, au ukuta wa pili kwa Mama Neema, nimwonyeshe kilichoko chini ya kitanda changu? Jibuni mapema. Nasikia Neema anavua ndala mlangoni.