Bibi Harusi na Betri ya Bajaji

Watu wa Magomeni, Bagamoyo, humjua Sabiha binti Msabaha kwa hedifoni iliyoko shingoni kabla hawajamjua kwa sura. Kazi yake ni kunasa sauti. Wapiga picha wa tamthilia wakija kurekodi ufukweni au mashambani, kamera huwa zao na wasanii huwa wao, lakini sauti ni ya Sabiha: maiki zake, nyaya zake, na miksa yake ndogo ya kuchanganyia sauti anayoivaa kifuani kwa mkanda kama mama aliyembeleka mwana upande wa mbele.

Adui yake mkubwa ni jenereta. Mwigizaji analia msibani machozi yakimtiririka, na huko nyuma jenereta nalo linaunguruma kama limefiwa zaidi yake. Sabiha alijaribu inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kikamletea mvumo wa nyuki ndani ya kopo. Ndipo siku moja akaigeuza adapta ya miksa yake, akasoma maandishi ya mgongoni, akaanza kucheka peke yake. Kumbe miksa ilikuwa inakula volti kumi na mbili tu, zile zile za betri ya gari! Muda wote huo alikuwa akizunguka mbuyu bure. Akaukata waya wa adapta, akafunga vibanio viwili, chekundu na cheusi, akaenda nao kazini Vigwaza kifua mbele. Huko akavibana kinyume. Moshi ukatoka, mwongozaji akapiga kelele "Kata!" na hakuna aliyekuwa ameanza kuigiza. Miksa ilipopona kwa fundi, Sabiha aliweka fyuzi kwenye waya, na tangu hapo hakuwahi kubana kibanio bila kusema bismillahi na kuangalia rangi mara mbili.

Mume alimpata kwa njia hiyo hiyo ya betri. Walikuwa mashambani Makurunge, betri ikakata roho katikati ya tukio, na pale kando palikuwa na kijana mwenye bajaji aliyewaletea chakula wasanii. Aliitwa Abuu.

"Kaka, samahani, naomba betri yako," Sabiha alimwambia.

"Betri? Sasa mimi nitaondokaje?"

"Huondoki. Unasubiri."

Abuu alisubiri. Alisubiri mpaka mchana ukaisha, amekaa ndani ya bajaji isiyowaka, akimtazama dada yule aliyefumba macho na kusikiliza upepo kana kwamba upepo unamsimulia habari za watu. Kesho yake hakuitwa na mtu, lakini alikuja. Chini ya kiti alikuwa na betri ya pili, imejaa chaji.

"Hii ni yako," akasema. "Ile yangu iache, nina wateja."

Wanaume wengine huposa kwa manukato. Sabiha alipoishika ile betri, nzito, ya moto kidogo kwa jua, moyo ulimwenda mbio akadhani anaugua. Haukupita muda mrefu, wazee wa Abuu wakabisha hodi kwa mzee Msabaha.

Siku ya harusi nyumba ilijaa wanawake mpaka uani. Sabiha alikuwa ameketi chumbani juu ya mkeka, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, amekatazwa kugusa chochote hata pua yake. Lakini moyoni alikuwa na jambo. Somo wake aliyemfunda mambo ya ndoa, Bi Mwaija, bibi mfupi mwenye sauti ya kupasua ukuta, ndiye aliyebaki mjini na nyimbo za zamani za kumtoa bibi harusi, na hakuna aliyewahi kuzinasa. Bi Mwaija mwenyewe alikuwa amekubali, kwa sharti kwamba asiingie mwanamume yeyote. Basi miksa iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, maiki zikaning'inizwa kwenye kamba ya nguo iliyofungwa ukuta kwa ukuta, na betri ikafichwa chini ya kitanda, imejaa.

Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Sabiha hakujali, yeye ana betri! Bi Mwaija akakohoa, akashika kiuno, akafungua kinywa. Taa ya miksa ikapepesa mara moja, ikazimika.

"Nani ameigusa betri yangu?" Sabiha akauliza.

Shangazi yake Ashura akaanza kuangalia dari.

"Shangazi?"

"Mwanangu, simu za wageni zilikuwa hazina chaji. Na watu wametoka mbali, mpaka Chalinze! Nikaona huo umeme umelala tu chini ya kitanda."

Walipoinama wakaona ile inveta ya zamani imefufuliwa, na simu zimening'inia pande zote kama popo. Mpaka uani pakalipuka kicheko. Sabiha naye alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia.

"Nipigieni simu kwa Abuu," akasema.

"Thubutu!" Bi Mwaija akaruka. "Bibi harusi hasemi na bwana harusi siku ya ndoa. Utatutia aibu."

"Somo wangu, sisemi na bwana harusi. Nasema na mwenye betri."

Bi Mwaija akalipima neno hilo, akaona lina njia ya kupitia. Shangazi Ashura, kwa kutubu, akamshikia simu sikioni.

"Abuu, betri yangu imekufa."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za vijana wakifunga maputo na vitambaa kwenye bajaji itakayompeleka bwana harusi msikitini. Abuu hakuuliza kwa nini.

"Nyekundu kwa nyekundu," akasema. "Naleta yangu."

Mlango wa uani ukagongwa. Mkono wa mwanamume ukapenya, umeshika betri, vigelegele vikaupokea kama mtoto aliyezaliwa, na mlango ukafungwa kwa kishindo kabla pua haijafuata mkono.

Ikabaki kazi ya kuunganisha, na fundi hana mikono. Shangazi Ashura akapiga magoti, Sabiha akimwongoza kwa kidevu.

"Chekundu kwenye alama ya kujumlisha. Hapana, shangazi, hiyo ni nembo ya kiwanda! Hapo, hapo. Sema bismillahi."

Wanawake wote wakasema bismillahi kwa sauti moja. Taa ikawaka.

Basi Bi Mwaija akaimba. Aliimba vijembe vya mawifi, akaimba za kumliza mama mzazi na za kumchekesha baada ya kulia. Msichana mmoja alimvalisha Sabiha hedifoni juu ya ushungi, naye akasikia yote: makofi yakijibizana, bangili, pumzi ya bibi kabla ya kila ubeti. Hapakuwa na mvumo wala mngurumo. Alitamani kukumbatia watu wote na hakuweza, akabaki amenyoosha mikono yake yenye hina hewani huku meno yote yako nje.

Ndipo barabarani kukasikika fujo. Bajaji bila betri haikukubali kuwaka, na wakati wa ndoa ulikuwa unakaribia. Abuu aliyevaa kanzu na joho alikuwa anasukumwa mtaa kwa mtaa. Na kwa kuwa honi nayo haikuwa na umeme, vijana walikuwa wakipiga honi kwa vinywa: "Piii! Piii! Pisheni bwana harusi!" Karibu na nyumba kuna kilima kidogo, pakawashinda, Abuu mwenyewe akashuka, akakunja joho, akasukuma.

Wanawake walichungulia dirishani wakapiga mayowe. Bi Mwaija hakukatisha wimbo. Alimeza mate tu, akatunga papo hapo:

"Bwana kaja kwa miguu, chombo akikisukuma,
Betri kampa mkewe, mapenzi yamemtuma!"

Wakaupokea ubeti huo wakaurudia mpaka bati likatetemeka. Huko nje Abuu aliusikia, akasimama, akainamisha kichwa kama msanii jukwaani, halafu akaendelea kusukuma. Msikitini alifika jasho limemlowesha kanzu, na shehe, aliyekwisha kusikia habari, alilazimika kukimeza kicheko ndipo aanze hotuba ya ndoa. Alipoulizwa kama amekubali, Abuu alijibu kwa nguvu kiasi kwamba watu wa barabarani waliitikia "Mashaallah!"

Siku chache baadaye Bi Mwaija alikwenda kuwatembelea maharusi. Sabiha akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, akaketishwa kibarazani, akavalishwa hedifoni. Alisikiliza huku amekunja uso.

"Nani huyu?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo waliozibwa masikio.

"Ni wewe, somo."

"Mimi?" Akasikiliza tena. Uso ukafunguka polepole, mabega yakaanza kucheza. "Lo! Basi mwongezeni sauti, anaimba vizuri huyu!"

Na Abuu alipojaribu kuomba hedifoni asikilize naye, bibi alimchapa mkono.

"Subiri," akasema. "Si umezoea kusubiri?"