Basoda Walipigia Unga Saluti

Basoda, maaskari ya serikali, walinishusha mu camion juu ya kukosa kulia.

Na muke yangu alikuwa amekufa kweli.

Ngoja nieleze. Masomo yangu iliishia mwaka ya ine ya primaire, makosa muniachilie.

Ilikuwa 1993. Nilikuwa Lubumbashi kutafuta dawa ya Clotilde, muke yangu, juu hospitali ya kwetu Likasi ilibakia na vitanda tu. Siku ya tatu, mapadri wenye kunipa pa kulala wakaniita ku phonie, ile radio yao ya kupashana habari. Nikasikia sauti ya Papa Bertin, mujomba wa Clotilde.

"Stanislas, mutoto yetu Clotilde ametuacha. Morgue haina courant. Tunazika kesho saa tisa. Ukuje mbio."

Courant, ule umeme, inatengenezwa ku barrage ya Koni, pale pale karibu na Likasi. Maiti yetu inaoza. Wakubwa walijua ile courant inaenda wapi.

Basi, nikuje na nini?

Asubuhi nilienda ku gare ya train. Karani aliniuzisha tiketi, akapiga muhuri mara mbili.

"Train inatoka saa ngapi?"

"Tiketi iko, papa. Train njo haina."

"Sasa unauzisha nini?"

"Kazi yangu ni tiketi."

Bus nayo ilikuwa juu ya matofali, familia moja inaishi ndani. Mama mwenye kupika pale akaniambia nivue viatu mbele ya kupanda.

Camions, malori ya mizigo, zilikataa batu. Basoda hawakulipwa, basi ku barrière, vizuizi vyao vya barabara, walikula kila kitu chenye kupita. Kitu kimoja tu hawakugusa: maiti. Waliogopa.

Njo nikakuta camion ya mutu mumoja, jina Casimir. Sanduku ya maiti katikati, batu kumi na wawili wamefunga vitambaa ku kichwa.

"Pole. Nani amekufa?"

"Unga," Casimir akajibu. "Mifuko ine."

Kila mutu alikuwa na kazi yake. Mama Hortense, muuza samaki ya ziwa Tshangalele, alikuwa dada ya marehemu. Casimir alikuwa kaka.

"Tunakosa bwana yake," akasema. "Weye uko na uso ya huzuni. Panda."

Nikamuambia muke yangu amekufa kweli, wanazika saa tisa.

"Muzuri. Hautasahau maneno."

Barrière ya kwanza, Mama Hortense alijitupa juu ya ule unga, basoda wakavua kofia. Tukapita.

Barrière ya pili, kilometa makumi tatu kufika Likasi, adjudant mumoja, mukubwa yao, akapanda. Akaniangalia.

"Huyu nani?"

"Bwana ya marehemu, chef."

"Mbona halie?"

Machozi yalikataa. Tangu ile phonie, kifua ilikuwa kama imemwangiwa ciment.

"Muke yako jina gani?"

"Clotilde."

"Alikufa na nini?"

"Alikosa dawa. Nilikuwa naitafuta."

"Muliishi miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

Adjudant akageukia wenzake. "Munasikia? Kumi na saba, hata chozi moja. Huyu anajifanya mufiwa apate kupita. Muongo. Angalia huyu mama. Huyu njo amefiwa. Jifunze."

Mama Hortense akaacha kulia. "Chef, huyu papa amefiwa kweli kuliko siye wote."

"Huzuni imekuharibisha akili, mama. Pole sana."

Nikashushwa. Basoda wakapanga mustari, wakapigia unga saluti. Camion ikaenda.

Nikatembea. Muuza makaa mumoja alinibeba ku kinga, ile baiskeli yake, mupaka tairi ikapasuka, nikashuka, nikatembea tena. Nilifika ku makaburi saa kumi na moja. Batu walikuwa wanatoka.

Papa Bertin akanishika mukono. "Usikasirike, mwanangu. Kwetu kaburi haifunikwi kama bwana hajatupa udongo wa kwanza. Na hatukuweza kungoja. Ile jua."

"Basi nani alitupa?"

Akageuza uso. Casimir alikuwa amesimama pale, macho mekundu, udongo ku mikono. Alikuja tu kuwaambia basoda wamenishika. Wazee wakamusimamisha pa nafasi yangu.

"Nisamehe, yaya, mukubwa yangu," akaniambia. "Kazi yangu ilikuwa kutupa tu. Lakini nililia. Sijui juu ya nini."

Bamama walimusifu mbele yangu. Mupaka leo, ku mutaa yetu ya Shituru, iko batu wanasema bwana ya Clotilde alilia muzuri sana. Wanauliza: na yule mwingine, mwenye kuchelewa, alikuwa nani yake?

Minye, machozi yangu yalikuja kisha miezi munane, siku moja nasugua sufuria. Hakukuwa soda hata mumoja wa kuona.

Wakubwa bado nawalaumu, na nitawalaumu. Walitengeneza inchi ambamo unga inapita na heshima, mufiwa anashushwa.

Lakini weye mwenye kusoma hii: mutu akikuambia amefiwa, usimuangalie macho. Mupe kiti. Muulize kama amekula.